Kidevu Kifuani

Kiti cha mtoto cha kwenye gari kilinunuliwa na mama yake Seol-hui, wifi yangu, na kigari cha kusukuma nilikinunua mimi. Niliambiwa ningoje, nitatumiwa jina la kigari kinachooana na kile kiti. Sikungoja. Nilikiona dukani, chepesi, unakikunja kwa mkono mmoja na kukitundika begani kama mkoba, nikasema hiki ndicho. Mdogo wangu Tae-geun na mkewe wanakaa juu kabisa kilimani Yeongdo, ngazi arobaini na mbili kutoka barabarani hadi mlangoni. Kigari kizito kingemuua yule binti.

Tae-geun akaagiza vishikizo mtandaoni, vipande viwili vya plastiki nyeusi visivyo na jina la kampuni. Akavipachika kwenye fremu, akaweka kiti juu yake. Tak, kushoto. Tak, kulia. Akakitikisa.

"Kimekaa," akasema.

Seol-hui alichuchumaa akakitazama ubavuni. "Mbona kimesimama hivi? Kwenye gari huwa kinalala zaidi."

"Si vizuri aone watu?" nikamwambia. "Au unataka aangalie mawingu tu?"

Mtoto wao, Da-on, alikuwa na wiki saba na hakutaka kitanda. Ukimlaza chali analia mpaka anakauka sauti. Lakini umtie ndani ya kile kiti, umsukume huku na huku, dakika tano tu kichwa kinaanguka na usingizi unamchukua. Seol-hui alikuwa amekonda, macho mekundu, anasahau maneno katikati ya sentensi. Na mimi nilimcheka. Mama yetu alifariki Tae-geun akiwa na miaka minne, mimi kumi na tano. Nilimbeba yule mtoto kwa mbeleko huku nikifua nguo za watu, mpaka leo hii nina duka langu la dobi. Nani angenifundisha kulea?

Siku yenyewe ilikuwa ya sindano ya chanjo ya Da-on, mwezi wa kumi na moja, upepo wa baharini na manyunyu. Tae-geun alikuwa kazini kwenye karakana ya meli, kwa hiyo niliwapeleka kwa gari langu. Kufika zahanati tulitoa kiti na mtoto wake ndani tukakipachika kwenye kigari, tukaingia. Muuguzi aliyemdunga mtoto alitusindikiza hadi mlangoni. Akainama, akaweka vidole viwili chini ya kidevu cha Da-on, akakiinua.

"Mama Da-on, shingo yake inakunjika. Kiti hiki kimesimama sana. Akishashuka garini mtoe, mlaze au umbebe."

"Sawa," Seol-hui akasema, akageuka kunitazama.

Mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, kwani nisimbebe tu kifuani?"

"Ameshasinzia huyo. Mtoe, aamke, halafu usiku usinipigie simu unalia."

Akacheka kidogo. Hakumtoa.

Tukashuka sokoni kununua mwani wa supu na chaza. Manyunyu yalizidi, nikavuta turubai la kigari, la plastiki inayoonyesha ndani, likafunika kigari chote. Kila baada ya hatua ishirini Seol-hui alisimama, akafunua, akachungulia, akafunika. Mara ya tatu uvumilivu ukaniisha.

"Wewe unalea mtoto au unapika wali? Kila saa unafunua sufuria! Hewa ya baridi yote inaingia."

"Nahakikisha tu, wifi."

"Hakikisha mgongo wako. Unatembea kama bibi wa miaka themanini. Famasi ile pale, nenda kanunue plasta za mgongo. Nipe nisukume."

Alisita. Mkono wake mmoja ulibaki kwenye mpini, nikauondoa kidole kimoja kimoja, kwa mzaha.

"Utamwangalia? Kila mara?"

"Nimelea, mimi."

Akaenda. Famasini kulikuwa na foleni ya wazee, na mimi nikazunguka na kigari kati ya mabeseni ya samaki. Nakiri nilikuwa na furaha. Watu walinipisha. Nilikutana na mteja wangu mmoja wa dobi, tukasimama tukazungumza habari za binti yake anayeolewa, nikawa nakisukuma kigari mbele na nyuma kwa mguu. Mtoto kimya kabisa. Mteja akasema, "Una mkono mwema, Gyeong-ran. Wa kwangu hawakuwahi kulala hivi." Nikajisikia mtu.

Hapo mwanzo plastiki ilikuwa imefanya ukungu kwa ndani, upande wa uso wake. Nilipoachana na mteja niliitazama tena, ikawa safi. Niliona sehemu ya kofia yake na jaketi lake nene la pamba. Nikafikiri, vizuri, baridi imepungua. Hilo ndilo nililofikiri.

Nikasimama kwenye kibanda cha andazi la samaki, lile linalochovywa kwenye mchuzi wa moto kwa kijiti. Mwenye kibanda ni mama mmoja mnene mwenye mikono myekundu kwa mvuke.

"Mjukuu?" akauliza.

"Mtoto wa mdogo wangu."

"Hebu nimwone basi, au mpaka nilipe kiingilio?"

Nikacheka, nikafunua.

Kidevu cha Da-on kilikuwa kimezama kifuani, kimepotea ndani ya jaketi. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo mimi naijua, rangi ya maji yaliyotoka kwenye jinzi mpya. Nilimgusa shavu. Kichwa kililalia upande na kubaki huko.

"Mtoe!" yule mama akapiga kelele. "Mtoe, mtoe!"

Sikuweza. Kifungo cha mkanda kilikuwa chini ya ile pamba, vidole vyangu vinateleza, nabonyeza jaketi badala ya kifungo, naita jina lake. Mama yule alitoka nyuma ya masufuria, akanisukuma kwa kiwiko, akasukuma pamba kando na kubonyeza kwa kidole gumba. Alimwinua Da-on, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, akaanza kumsugua mgongo kwa nguvu. Hapo karibu mtu alikuwa anapatana bei ya pweza. Walipatana mpaka mwisho, nasikia hadi leo, wakati mtoto bado ananing'inia kimya.

Kisha akatoa sauti ndogo, mkwaruzo tu. Ya pili. Ya tatu akalia.

Kilio hicho ndicho kilichomtoa Seol-hui famasini. Alikuja akikimbia katikati ya mabeseni, hakuniuliza kitu, alimpokea mwanawe mikononi mwa yule mama akakaa naye chini kwenye sakafu yenye maji.

Hospitali tulifika kwa gari la wagonjwa. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Alimsikiliza Da-on, akamfunga waya kidoleni, akasema rangi imerudi, mapafu yako sawa.

"Mara ya mwisho kumwona akiwa vizuri ilikuwa lini?"

Seol-hui akanigeukia. "Wifi, ulimwangalia lini?"

"Dakika mbili, tatu," nikasema. "Nilikuwa naangalia kila mara."

Daktari akaandika. Akasema kama ni hivyo, tutampumzisha hapa kidogo na jioni mnaweza kwenda naye nyumbani.

Nilikaa kwenye korido na mwani wangu kwenye mfuko. Zilikuwa dakika ishirini na zaidi, na ukungu ule wa pumzi yake ulikuwa umeondoka lini, sikujua. Tae-geun alifika na nguo za kazi, akanishika bega, akasema, "Ahsante, dada. Usingekuwepo wewe..." Mlangoni niliona muuguzi anaandaa karatasi za kuondoka na Seol-hui anamvisha mtoto soksi.

Nikasimama, nikaingia.

"Nilidanganya," nikasema. "Sikumwangalia. Tangu Seol-hui aende famasi sikumfunua hata mara moja. Sijui alikaa hivyo muda gani."

Hakuna aliyepiga kelele. Daktari aliweka karatasi chini na kumwita mwenzake. Seol-hui alimaliza kuvuta soksi ya pili, polepole, ikakaa sawa. Tae-geun ndiye aliyesema.

"Dada, si ulinilea mimi?"

Mpaka leo sijui lilikuwa swali la namna gani.

Hawakuondoka. Saa moja jioni mashine ililia, wauguzi wakakimbia, ikawa ni waya umechomoka. Baada ya nusu saa ililia tena, na mara hiyo waya ulikuwa mahali pake. Walimrudishia pumzi. Alikaa siku tatu. Tulikalia viti vya plastiki, na kila akipumua nilihesabu.

Wiki iliyofuata nilikuta kigari nje ya mlango wao, kimekunjwa, vishikizo vimefungwa kwa gazeti. Nikakibeba kushuka ngazi zote arobaini na mbili. Hakukuwa na ujumbe wowote.

Madaktari wanasema wataangalia kama ubongo uliumia. Akiketi, akitambaa, akitembea, akisema, kila hatua wataangalia. Kwa sherehe ya siku yake ya mia tangu azaliwe, Seol-hui alinialika. Kulikuwa na keki nyeupe za mchele, jamaa wachache, na Da-on amevaa hariri. Alikuwa amelala. Nilisema sina haja ya kumshika.

"Mshike, wifi," Seol-hui akasema.

Akaniwekea mikononi. Watu walianza kula, wakamwita Seol-hui, mara mbili wakamwita, lakini hakwenda. Alibaki amesimama mbele yangu, karibu, mikono yake imefunguka kidogo kutoka mwilini, macho hayaniangalii mimi. Yanaangalia kifua cha mtoto, kinapanda, kinashuka. Na mimi nikakiangalia. Chakula kikapoa.