Kidole cha Mama Mdogo

Rosine aliuza chumvi, sabuni na vitenge mjini Kabambare, na kila matope ya barabarani yalipopungua alipakia mzigo kwenye pikipiki akaenda kuuza kijiji cha Wamaza. Huko alilala kwa mama yake mdogo, Célestine. Hakuwahi kulipa, na nani angemdai? Alifikia jikoni moja kwa moja, akavuta kigoda, akatwanga sombe, yale majani ya muhogo, akakemewa kwamba amekonda, kisha wakala sahani moja. Akiondoka aliacha chumvi na sabuni. Tangu mama yake mzazi afariki, ni katika jiko lile tu ambapo mtu bado alimwita mtoto, naye ana wajukuu.

Mwaka huu ofisi ya kodi ikamwita. Karani, kijana mpole aitwaye Nathanaël, alimweleza bila haraka.

“Mama Rosine, njia iko mbili. Ya kwanza ni forfait: tunaondoa kiasi kimoja ku mapato yako, juu ya matumizi yote, hakuna mutu atakuuliza kitu. Ya pili, unaonyesha matumizi yote moja moja, kila moja na karatasi ya ule mwenye alipokea. Kama inapita forfait, kodi inashuka.”

Mtu anayependa usingizi wake angechukua forfait akaenda zake. Lakini Rosine hakuwahi kununua hata kipande cha sabuni bila kubishana bei. Akachagua ya pili. Waendesha pikipiki wakamtilia sahihi, na mwenye nyumba ya duka pia. Hesabu bado haikufikia forfait. Ndipo akamkumbuka Célestine. Ile chumvi ya miaka yote si ilikuwa mali? Si alilala, si alikula?

Akaenda Wamaza na karatasi na wino. Célestine hakujua kusoma, hivyo Rosine akamsomea: amepokea malipo ya kulala na chakula.

“Malipo?” Célestine akauliza.

“Ni maneno ya ofisi tu, mama mudogo.”

Célestine akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi, akarudi kukoroga chungu chake. Jioni ile hakumkemea kwa lolote, na Rosine, kwa haraka zake, hata hakuona.

Kodi ilishuka, ndiyo. Kilichopungua kilitosha mfuko mmoja wa chumvi. Rosine akaununua na kuupeleka Wamaza, amshukuru mama mdogo.

Alikuta mkeka mpya umetandikwa sebuleni. Célestine alimpokea kwa mikono miwili, akamwita Madame. Chakula kililetwa kwenye sinia, kimefunikwa vizuri, cha mtu mmoja. Jikoni watu walikuwa wanacheka. Rosine akainuka kwenda kutafuta kigoda chake, Célestine akamzuia mlangoni, kwa upole kabisa.

“Kaa kule, Madame. Mwenye kulipa hapiki.”

Rosine alitaka kusema kwamba yalikuwa maneno ya ofisi tu, lakini hayo alishayasema. Angetoa duka zima ili akemewe tena pale jikoni. Akauburuta mfuko mpaka miguuni pa Célestine.

“Ni yako, mama mudogo. Ni zawadi.”

Célestine akautazama mfuko. Akafuta kidole gumba kwenye kitenge chake, akakinyoosha.

“Nitie kidole ku karatasi sasa, ao kesho asubuhi?”