Isale kwa Asiyekumbuka

Familia nyingine za Kibosho hugombania kihamba, shamba la ukoo. Mwalimu Sylvanus na mwanawe Filemon waligombania namba saba.

Ilikuwa Krismasi, nyama ikiwa bado mezani. Filemon alisema hesabu zimebuniwa na watu, kama bao tu. Mzee, aliyefundisha hesabu tangu ana nywele, akajibu kwamba saba ilikuwepo kabla ya mlima, na asiyeamini hivyo si mwanawe. Filemon naye, kichwa kigumu cha kurithi, akashuka mjini, Pasua, kuuza vipuri vya bodaboda, asikanyage tena nyumbani.

Leo amepanda na jani la isale mkononi. Kwa Wachaga, ukimpelekea jani hilo uliyemkosea, hana budi kusamehe. Lakini dada yake, Stella, alishamwonya kwenye simu: baba anapoteza kumbukumbu, na kilichobaki hakitavuka masika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, kijana. Umemfuata nani?"

Filemon akapiga magoti, akanyoosha jani. "Wewe, baba. Nilikukosea. Nisamehe."

Mzee akaficha mikono ndani ya koti. "Nisamehe kosa nisilolijua? Mpelekee uliyemkosea."

"Ndiye wewe!"

"Una uhakika gani?"

Filemon akatapatapa. "Saba ni namba tasa?"

"Tasa. Usinitanie kwa maswali ya watoto."

"Unaona? Ni wewe yuleyule! Ulishinda, baba. Jina langu limekutoka, saba haijakutoka. Saba haikubuniwa na mtu."

Mzee akacheka, kicheko kilekile cha zamani, na Filemon akaanza kutumaini.

"Saba haibadiliki kwa sababu haijawahi kuishi, kijana. Haijaoa, haijafiwa. Mimi jina langu naambiwa kila asubuhi na binti yule. Namwitikia ili asilie."

Aliyelia sasa ni Filemon. Mzee akamhurumia, akalichukua jani.

"Nilikuwa na mwana," mzee akasema, "mbishi kama beberu. Nilimfukuza kwa sababu ya... sijui nini. Wewe unakaa wapi?"

"Pasua."

"Naye alishukia hukohuko. Mpe hili. Mwambie aliyekosa ni baba yake." Akalirudisha jani kiganjani mwa Filemon, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Baba, ni mimi!"

"Wahi, mvua inakuja."

Stella alikuwa mlangoni na bakuli la mtori. "Kaka, amekupokea?"

Filemon akalitazama jani.

"Hapana. Amenituma."