Nimpe, Nisimpe

...na kahawa yenyewe imeanza kupoa mkononi, mwenzake kauliza swali jepesi tu, la muuzaji kwa muuzaji, ati Badria ataka kukopeshwa kitambaa cha bafta na uzi apate kushona kofia za kuuza, sasa yule akikopa hulipa, nimpe, nisimpe, na Bi Alawiya, aliyezeeka akiuza leso humu ndani kwa wanawake wenziwe, hata Kibokoni nzima hapana mwanamke asiyepata kukopa kwake, anakodolea macho kikombe kana kwamba jibu limezama mle... hulipa, Intisar, hulipa kuliko wewe uliyejikunja hapo kwenye mkeka wangu na deni la ile leso ya Idi ukajifanya umelisahau, lakini nikisema hulipa utauliza la pili, nakujua, utauliza, kama hulipa, mbona mumewe Faraj alimuacha kwa madeni? Na hilo la pili ndilo linalomkaba, maana Faraj alikuja hapa hapa, baada ya Alasiri, karudi safari ya bara kakuta sanduku la mkewe limejaa leso mpya na majirani wameshamjaza maneno, akasimama nje ya pazia, kijana mwenye adabu zake, hakupaza sauti. "Bi Alawiya, niwie radhi, nataka kujua neno moja tu. Mke wangu adaiwa hapa?" Hadaiwi, angesema, hata pesa moja, zile leso kanunua kwa pesa zake za kupaka maharusi hina, neno fupi kiasi hicho... lakini mama yake Alawiya, Mungu amrehemu, alipomuachia biashara alimuachia na sharti lake, kwamba habari za deni huambiwa mkopaji mwenyewe, na yule anayetaka kumkopesha mali yake, kwa kuwa ikipotea imepotea yake, basi, si wifi, si jirani, si mume, na mume kwa nini asiambiwe, aliuliza Alawiya wakati huo msichana, mama akamwambia, leo utamwambia huyu mkeo hadaiwi, kesho atakuja mwingine ambaye mkewe adaiwa, utanyamaza, na kunyamaza kwako kutakuwa kumekwisha kumwambia, kwa hivyo wanyamazie wote... na ni kweli, wallahi ni kweli, wangapi wamesitirika kwa sharti lile, akamjibu Faraj, ya Badria muulize Badria, akaiona miguu yake chini ya pazia imetulia, haiendi wala hairudi, kisha akasema, "Basi, nimeelewa." Umeelewa nini, ewe mwana, na hukuambiwa kitu? Angemwita. Ndipo hapo Bi Alawiya alipopotea, si kwenye sharti, sharti halikumkataza kusema kwamba humu ndani waume wote hujibiwa hivyo hivyo, mwenye kudaiwa na asiyedaiwa, angemwita akamwambia hilo tu, lakini ilikuwa tamu, Mola amsamehe, ilikuwa tamu kuwa yeye ndiye ajuaye, na mwanamume mzima kasimama nje anangoja, akaiacha miguu ile ikaondoka, akarudi kukunja leso zake na huku anatabasamu... anatabasamu, na kabla ya Magharibi talaka imeshatoka. "Mwenzangu, kahawa haikukolea?" Intisar huyo. Imekolea, akasema, imekolea sana, ni tangawizi tu imezidi... na Badria hakuja kumlaumu, laiti angekuja, angepiga makelele mlangoni Mji wa Kale wote ukasikia, ingekuwa nafuu, yeye alingoja mpaka siku ya harusi moja huko Kuze, ameshika mkono wa biharusi anaupaka hina, hata uso hakuinua. "Ulimwambia nini Faraj, Bi Alawiya?" Sikumwambia kitu, mwanangu. "Naam," akasema Badria, "hata yeye alinambia hivyo hivyo," na akaendelea na ua lake kwenye kiganja cha watu... na sasa yuko kwa kaka yake, wifi anamhesabia hata maji ya kuoga, na majirani nao, nani ampe tena kazi ya hina, mwanamke aliyeachwa kumpaka mwari, ndiyo maana ataka kushona kofia, maskini, na mlango wenyewe wa kofia ni huu, umekaa hapa unakunywa kahawa yangu, na ninachoogopa mimi ni nini, ni kuulizwa la pili, ni kuaibika mbele ya Intisar ambaye hata hiyo leso ya Idi... Intisar ameshaweka kikombe chini, anatafuta ncha ya buibui lake, polepole, kwa huruma ya mtu asiyetaka kumtia mwenziwe katika dhambi ya kusengenya.

"Usijitaabishe, dada. Nimeelewa."

Na Bi Alawiya akaisikia ile miguu inaondoka tena.

"Hukuelewa," akasema. "Keti. Badria hajapata kulala na deni langu. Mpe bafta, mpe na uzi, mpe atakacho."

Intisar akaketi, mkono bado uko kwenye buibui, kisha, kama ilivyojulikana, akauliza lile la pili, mbona basi Faraj alimuacha kwa madeni, na Bi Alawiya, kikombe kingali mkononi hata tama moja hakunywa, akaanza kumweleza.