Samoni Waliokosea Mto

Mume wangu Abdulsamad akishika lake, hung'ang'ania kama kupe. Na lake lilikuwa moja tangu binti yetu Lubna hajaota meno: mtoto akimaliza chuo arudi Lamu, kwenye nyumba aliyomjengea. Miaka yote hiyo anaendesha lori, tunaishi hapa Katy ughaibuni, akili yake iko kwenye nyumba hiyo.

Lubna akamaliza, akapata kazi jimbo la Washington, kwenye mto uliobomolewa ukuta wa bwawa ili samaki wa samoni wapande tena kutoka baharini kuzaa. Mkataba ameshatia sahihi. Lakini bila radhi za baba haondoki, na baba hasemi naye. Nikaona nipike samoni wa kupaka, samaki wa kufugwa wa dukani, labda tui zito litamlainisha. Nilijidanganya.

"Samaki gani huyu hana kichwa?" akasema, akiisukuma sahani. "Na wewe Lubna, si mwenyewe umenambia samoni hurudi alikozaliwa? Mwacha asili ni mtumwa."

"Wengi wanarudi, Baba, it's true," Lubna akajibu. "Lakini upande wa juu wa ule ukuta waliisha kabisa, njia ilizibwa. Hakuna samoni hai aliyezaliwa kule. Unajua nani wameanza kuurudishia mto samaki?"

Abdulsamad akamkazia macho.

"Waliokosea njia. Kila msimu kuna wachache wanaingia mto usio wao, wanazaa hukohuko. Bila hao, ule mto ungebaki empty."

Nilitaka kupiga kigelegele, nikakimeza. Mtoto alikuwa amempata babake pale penyewe. Kwani sisi tulizaliwa Katy? Lakini nilipomtazama mume wangu, furaha ikaniisha. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Na kule walikotoka," akauliza, "hawangojwi?"

Lubna akainamisha uso. Hilo hakufundishwa chuoni.

Abdulsamad akaenda kutia udhu, akarudi na Msahafu. Akasimama mlangoni, akauinua juu, kama tulivyofanyiwa sisi kuombewa safari njema siku tuliyoondoka kwetu. Lubna akapita chini yake akilia, na mimi nalia. Nilimpenda mume wangu siku ile kuliko siku ya harusi.

"Nenda mwanangu, radhi zangu unazo," akamwambia. "Ila uje nikuone. Baba yangu mimi, tangu niondoke, alinijua kwa simu tu mpaka akazikwa."