Sura ya Mtoto wa Asubuhi Moja

Joëlle alikuwa na picha moja tu ya binti yake, na hakuna mtu mwingine katika nyumba ile aliyewahi kuiona. Aliiweka ndani ya simu, katika aplikasyo ya kufichia picha ambayo kwa nje ilifanana na mashine ya hesabu. Ukiandika namba ya siri, tarakimu zinayeyuka na mtoto anatokea: amefungwa kitenge cha kijani, macho yamefumba, mdomo umeachama kidogo kama mtu anayetaka kuuliza kitu.

Mtoto huyo aliishi asubuhi moja. Alizaliwa alfajiri, akafariki kabla jua halijapanda juu ya paa la materniti. Muuguzi aliyeitwa Pétronille ndiye aliyeomba simu ya Joëlle akampiga mtoto picha. "Siku moja utaitaka," alisema. Ghislain, mume wa Joëlle, alikuwa Moba na boti yake ya biashara, na aliporudi Kalemie alikuta kaburi dogo ambalo udongo wake ulikuwa umeanza kukauka. Mama mzazi wa Joëlle alikuwa amekwisha kumwambia, "Usimuonyeshe munaume sura ya mutoto. Akimuona, atamutafuta maisha yake yote. Muache asahau." Joëlle alikuwa na homa, akaitikia tu. Ghislain naye hakuuliza. Miaka ikaenda, na neno la kuanzia likazidi kupotea.

Joëlle alikuwa akimuota mtoto. Katika ndoto mtoto hakukua. Alilala juu ya maji ya ziwa yaliyotulia, hazami wala hasogei, na Joëlle akimkaribia, sura ile ilivunjika ikawa vipande vidogo vya rangi, kama picha inayoshindwa kufunguka rezo ya simu ikiwa dhaifu. Akiamka alishika simu kwanza, akaangalia kama bado yupo.

Kisha simu ikaanza kuugua. Ilipata joto bila sababu, ikazimika katikati ya mazungumzo, na mstari mweupe ukashuka kwenye kioo kutoka juu hadi chini. Joëlle aliogopa itakufa na mtoto akiwa ndani. Basi Jumamosi moja ya kiangazi, wakati moshi wa mashamba yanayochomwa unapochanganyika na ukungu wa ziwa hata ng'ambo haionekani kabisa, aliteremka hadi studio ya Maimouna karibu na stesheni.

Maimouna alikuwa mwanamke wa makamo, wa familia ya Waislamu wa zamani wa mji. Alichapa picha za harusi, za ubatizo, za kadi. Ndani mle mlinukia udi na plastiki iliyopata moto.

"Nitumie kwa WhatsApp, Mama," alisema. "Sasa hivi iko tayari."

"Hapana. Hii haipiti kwa WhatsApp."

"Basi kwa Bluetooth."

"Ikipita, itabaki kwako."

Maimouna hakukasirika. Mji mzima ulikumbuka msichana ambaye picha yake ilitoka katika simu ya rafiki yake ikazunguka kila grupu, mpaka akakimbilia kwa shangazi yake Niemba. Maimouna aliiangalia simu mkononi mwa Joëlle, kisha akamwangalia Joëlle usoni.

"Iko njia," alisema. "Tuweke aplikasyo ya mashine yangu kwa simu yako. Ile ya siri itaikopesha foto kwa ile ya kuchapa, hii moja tu, si nyingine. Ukimaliza ukifunga, ruhusa imekwisha. Kwangu hakuna kitakachobaki. Karatasi utaondoka nayo."

Mara ya kwanza kilitokea kisanduku cha kijivu, hakuna mtoto. "Umefunga ile ya siri haraka," Maimouna alimweleza. "Iache wazi nyuma yake mpaka mwisho." Joëlle akarudia. Aliandika namba, mtoto akatokea, na yeye akaugeuza mwili ili asionekane, akagusa Partager, neno la kupeleka picha kwingine.

Orodha ya aplikasyo ilipanda polepole kutoka chini ya kioo. Simu ilikuwa imechoka, ikawa inaleta alama moja moja, kama mtu anayekumbuka kwa taabu. Joëlle aliiona alama ya mashine ya kuchapa, akapeleka kidole, na wakati huohuo orodha ikasogea, kidole kikatua kwenye alama nyingine. Mtoto akajaa kioo chote, na pembeni chini kukawa na kitufe cha kijani. Alidhani ni cha kuchapa. Akabonyeza.

Mashine haikulia. Joëlle alitazama kioo, akamwona binti yake amekuwa mdogo, yuko ndani ya mazungumzo yake na Ghislain, chini ya maneno ambayo mumewe aliyaandika jana yake: *Nimefika Mpala. Rezo ni mubaya.*

"Mungu wangu," alisema. "Imeenda kwa baba yake."

Maimouna alisogea, na safari hii Joëlle hakugeuza simu. "Alama ni moja tu," Maimouna alisema. "Haijafika. Futa kwa wote, Mama. Hataona kitu."

Joëlle aliiwekea picha kidole mpaka alama ya kufuta ikatokea. Kule Mpala, Ghislain alikuwa amemweleza, rezo hushikika kilimani tu, upande wa misheni. Jioni watu hupanda pale na kunyanyua simu juu kama wanaopima upepo. Akilini alimwona mumewe anapanda, shati limeloa maji ya samaki, hajui kitu. Aliwaza kwamba miaka yote hii wamelala kitanda kimoja na mtoto yumo katikati yao, na mmoja tu ndiye anayemwona. Akaondoa kidole.

"Iache ifike," alisema.

Maimouna alishusha pazia la mlango ili wateja wasiingie, akamletea kigoda, wakarudia kazi ile upya, kidole kwa kidole.

Mashine ile haichapi kwa mara moja. Ilitoa karatasi ikiwa ya njano tupu, kivuli hafifu kama doa la chai, ikaimeza tena. Ikaitoa, shavu limekuwa jekundu. Ikaimeza. Ikaitoa tena, na sasa kitenge kilikuwa cha kijani na nywele zilikuwepo, laini, zimelala upande mmoja. Joëlle hakuwahi kuziona nywele zile vizuri. Katika kioo cha simu zilikuwa weusi tu. Maimouna alisema dua kwa sauti ya chini, akaipepea karatasi, akampa kwa mikono miwili.

Alirudi kwa njia ya ufukweni. Maji na anga vilikuwa rangi moja, na mitumbwi ilionekana imening'inia hewani. Wanawake waliokuwa wakianika samaki wadogo wa ndagala walimsalimia, akaitikia asijue ameitikia nini. Alisimama mara nyingi kutazama simu. Alama zilikuwa mbili. Alipotazama tena zilikuwa za buluu.

Alikaa juu ya jiwe, karatasi iko kifuani ndani ya bahasha. Simu ikalia.

"Joëlle." Nyuma ya sauti kulikuwa na upepo mwingi.

"Ndiyo."

"Huyu ni nani?" Kisha haraka, "Usiseme. Ngoja kwanza." Upepo ukavuma kwa muda. "Njo yeye, mutoto wetu?"

"Njo yeye."

"Ulikuwa naye siku zote hizi."

"Mama alisema ukimuona utamutafuta."

"Nilimutafuta, Joëlle." Sauti yake ilipanda. "Nilimutafuta bila sura! Unajua hiyo ni kazi gani?"

Alitaka kumwomba msamaha, lakini rezo ilikatika, na alipopiga hakupatikana tena.

Ghislain alirudi kesho yake mchana. Aliwaachia wenzake mzigo bandarini, akaja kwa miguu. Hakusalimia. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akaikausha kwa shati, akaketi mkekani akanyoosha kiganja. Joëlle alimpa picha.

Aliitazama kwa muda mrefu. Alipitisha kidole pembeni mwa karatasi, hakugusa uso. Nje majirani walikuwa wakitwanga, na mchi ulisikika kama uko mbali sana, ng'ambo ya kitu fulani.

"Masikio ni ya mama yangu," alisema mwishowe. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa na mwingine."

Joëlle akamgeukia. "Mwingine nani?"

"Mutoto mwingine. Nilimutengeneza mwenyewe, kwa kichwa, kule kwa maji. Kila safari nilimuongeza kidogo." Aliona haya, akainamisha uso. "Yule ni mweusi kuliko huyu. Anafanana na dada yangu. Meno ya mbele yameachana. Anaogopa injini ya boti. Namuita Marthe. Sasa huyu amekuja na sura yake ya kweli, na yule nimemuzoea. Nimuweke wapi?"

Kwa kitambo Joëlle alimwonea wivu mtoto yule wa majini aliyepewa meno, jina, na hofu ya injini, wakati wa kwake alikuwa amebaki macho yamefumba. Akajisogeza mpaka bega lake likagusa bega la mumewe, na picha ikawa juu ya magoti yao wote wawili.

"Nieleze habari ya Marthe," alisema. "Injini anaiogopa namna gani?"

Ghislain akaanza, kwa aibu kwanza: jinsi mtoto anavyojificha nyuma ya magunia ya sukari boti ikiwashwa, anavyoziba masikio, anavyomwambia baba yake aiombe injini inyamaze. Joëlle alicheka, akalia, akajifuta uso kwa kanga, akamwambia aendelee.