Milio Miwili Ukunguni

Ukungu ulipanda kutoka bondeni mara tu mvua ya mawe ilipokatika. Ulimeza mahindi yaliyolala chini, ukameza ua, mwisho ukaimeza nyumba ya Mong'ina, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie Nyansiongo nilifurahi kutoiona.

Ilikuwa mwaka wa 1967. Mume wetu, Obwocha, alikuwa amepata shamba kwenye ardhi iliyoachwa na mlowezi, tambarare tupu, si kama vilima vyetu vya Kebirigo. Mimi, mke mkubwa, nilijengewa karibu na barabara. Mong'ina, mke mwenzangu, alijengewa ng'ambo ya josho la ng'ombe, lile shimo refu la dawa. Kila jioni nilisikia hatua za Obwocha zikipita mlangoni pangu kwenda kwake.

Alasiri hiyo radi ilipiga mti malishoni, upande wa Mong'ina. Ng'ombe wakatawanyika, Obwocha akawafuata. Sasa alikuwa akiita kutoka ndani ya ule weupe, amepotea shambani mwake mwenyewe.

Nilichukua debe nikaligonga kwa ukuni. Papo hapo debe la Mong'ina likajibu. Nikazidisha, naye akazidisha. Mkono uliniuma, sikujali. Mara hii moja, achague mlio wangu.

Akauchagua.

"Nakusikia, Mama Nyamusi! Naja!"

Moyo ulinirukaruka kama wa msichana. Kisha nikasikia sauti inakotoka: ukingoni mwa josho, ng'ambo. Kunifikia mimi, angetumbukia.

"Simama! Josho!" nilipiga kelele, lakini ngurumo ikayafunika maneno.

Nikaweka debe chini.

Mong'ina akabaki akigonga peke yake. Sauti ya Obwocha ilisita, ikageuka, ikaenda kwake.

Nilifuata ua kwa kupapasa hadi nikafika kwa Mong'ina. Obwocha alikuwa ameketi kando ya moto, bakuli la uji mkononi.

"Ulichoka upesi, Mama Nyamusi," alisema. "Mwenzako hakuchoka."

Nilipangusa matope miguuni. Mong'ina alinitazama, akatazama upande wa josho, akaacha kukoroga chungu.

Nilipoaga, alinifuata nje.

"Nitakusindikiza."

"Njia naijua."

Alinishika mkono hata hivyo, tukaufuata ua. Kiganja chake kilikuwa laini, chenye joto la moto wake. Hata hilo nililionea wivu.