Gauni Ambalo Halijakatwa

"Kaa, dada yangu," wakili aliniambia. Nilikaa, nikasimama tena. Ningetulia vipi na roho iko juujuu? Kaka alikuwa amepata mnunuzi wa nyumba ya marehemu mama, na cherehani yangu imo katika chumba cha mbele. Chumba hicho ndicho kinachonilisha.

Ushahidi nilikuwa nao kwenye simu. Mimi nikipima mteja, mikono yote miwili imeshika futi, kwa hiyo vipimo navitamka simu inarekodi, na nikishakata kitambaa nafuta. Siku ile nilimpima mama, nikakimbilia jikoni kutazama chai, simu nikaisahau mezani. Huku nyuma kaka akamwahidi mama kwamba chumba cha mbele ni changu.

Wakili alisikiliza kipande hicho, akakunja uso.

"Hapa wewe hukuwepo. Mazungumzo unayoshiriki, sheria yetu inakuruhusu kuyarekodi. Ya watu wengine, bila ridhaa yao, ni kosa. Ukiyapeleka mahakamani, unaweza kugeuka mshtakiwa."

"Yaani anayenidhulumu alale usingizi, nifungwe mimi?"

"Wao walijua simu inarekodi?"

"Nitajuaje? Si nilikuwa jikoni!"

"Basi tuanze mwanzo."

Mwanzo sikuutaka. Tangu tumzike mama, vipimo huwa naviruka, naenda moja kwa moja kwenye ile ahadi ya kaka. Wakili akabonyeza. Nikageukia dirishani.

"Usinibane kiuno," mama alisema, "mimi si msichana." Nikajisikia nikicheka. Kisha hatua zangu, kisha mlango.

Halafu mama tena, taratibu: "Simu ya dada yako bado inarekodi, usije ukasema sikukwambia. Haya, chumba cha mbele ni cha nani?"

Kaka akaangua kicheko. "Mama kwa hila! Si hufuta akishakata? Haya, nasema: cha mbele ni cha dada, sitakigusa."

Wakili akapiga meza kwa kiganja. "Wote walijua!"

Mimi machozi yalikuwa yananitoka, hata hasira sikuiona ilikokwenda. Mama alimjua mwanawe. Kaka naye alinijua mimi. Lingekuwa gauni la mteja mwingine yeyote, ningekuwa nimeshafuta.

Lakini kitambaa cha mama kiko kabatini mpaka leo. Kila nikishika mkasi, mkono unagoma.